Mbwa Asiyeogopa Fataki

Kutoka tarehe 12 Novemba hadi 31 Desemba ni siku 49, yaani wiki saba kamili, hazizidi wala hazipungui. Hesabu hiyo niliipenda kuliko kitu chochote kwenye kalenda yetu ya machapisho, na ndiyo iliyoniumbua.

Kazi yangu ni kurasa za mitandaoni za kliniki ya wanyama, na kosa kubwa katika kazi hii ni kuzungumzia tatizo siku lilipokwisha kufika. Mvua imeshaanza ndipo unawakumbusha watu chanjo ya homa ya mgunda (leptospirosis, inayoenezwa na maji yenye mkojo wa panya)? Mbwa ambaye hajawahi kuchanjwa anahitaji dozi mbili zinazopishana wiki mbili hadi nne, na mwili nao unadai siku zake za kujenga kinga. Ukihesabu kurudi nyuma, chapisho linatakiwa litoke kama wiki sita kabla ya wingu la kwanza. Viroboto nao ni vilevile. Wale unaowaona wakirukaruka mgongoni mwa mbwa ni kama asilimia 5 tu ya ukoo mzima. Asilimia 95 wako kwenye zulia, matandiko na nyufa za sakafu, wakiwa mayai, mabuu na vifuko vinavyosubiri mtetemo wa nyayo ili vipasuke. Mwenye mbwa akichelewa kuanza dawa ataendelea kuona viroboto wapya kwa wiki kadhaa, kisha atakuja kuwaambia dawa yenu ni feki. (Na kila chapisho la viroboto lina mstari mmoja usioondolewa hata picha ikikosa nafasi: dawa ya mbwa yenye permethrin (kemikali ya kuua wadudu) asipakwe paka. Itamtetemesha, itamtia degedege, na inaweza kumuua.)

Wengine hurahisisha kazi kwa kunakili kalenda ya kliniki ya nchi nyingine. Hapo ndipo unamkuta mtu anawaonya wafuasi wake kuhusu chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani, na nje jua linachoma mpaka mbwa ananyanyua miguu kwa zamu. Kalenda yako imo kwenye daftari la wagonjwa. Fungua la mwaka jana, hesabu kila mwezi waliletwa wangapi kwa sababu ya kupe, wangapi walikula chokoleti, wangapi walizidiwa na joto, kisha rudi wiki nne hadi saba nyuma.

Fataki ndizo zinazotaka subira kuliko yote. Mbwa hufundishwa kuzizoea kwa milio iliyorekodiwa, tena kwa sauti ndogo sana, kiasi cha kumfanya atikise sikio tu huku akiendelea kutafuna anachokipenda. Dakika tano hadi kumi kwa siku zinatosha. Sauti unaipandisha kidogo baada ya kumwona ametulia mara kadhaa mfululizo. Akianza kuhema, kudondosha mate, kupiga miayo au kufyata mkia, wewe ndiye uliyekwenda mbio, kwa hiyo rudi nyuma. Shughuli hiyo huchukua wiki na wiki.

Basi mwishoni mwa Julai nikaandaa machapisho ya Agosti hadi Desemba. Ya fataki yalikuwa mawili. La tarehe 12 Novemba lilisema: “Mna wiki saba kamili! Anzeni taratibu, hakuna haraka.” La tarehe 11 Desemba lilikuwa kali zaidi: “Zimebaki siku 20! Muda wa kumzoesha umekwisha.” Chini yake yalikuwa ya dharura: chumba cha ndani, mapazia yafungwe, muziki, matembezi kabla ya giza, namba kwenye kola ihakikiwe, na kama mbwa huingiwa na hofu kali, aletwe sasa hivi aonwe na daktari, maana dawa ya hofu haitolewi kwa kusoma maoni. Dawa nyingine za kutuliza humlegeza mbwa misuli na kumwachia hofu yote kichwani. Anaonekana katulia, kumbe anaogopa bila uwezo wa kukimbia.

Nilikuwa mwangalifu sana. Mtego wa saa niliukwepa, ule wa kuandika “saa 2” ukimaanisha usiku wa saa mbili, halafu programu ya kupanga machapisho ikarusha chapisho lako saa nane za usiku wakati wafuasi ni bundi watupu. Niliweka 20:00 kila mahali nikajipongeza. Kisha nikafanya jaribio, maana mtu makini hufanya jaribio. Nikachagua Siku ya Kimataifa ya Paka, tarehe 8 Agosti. Nikaandika 8/8. Likatoka siku yake, saa yake, na picha yake. Nikasema mfumo uko sawa.

Naomba uirudie tarehe hiyo polepole. Nane, mkwaju, nane.

Tarehe zote nilikuwa nimeziandika kwenye lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta, na kompyuta hiyo ilikuwa imepangwa kusoma mwezi kwanza, siku baadaye. Siku ya Kichaa cha Mbwa, 28/9, iliishinda, kwa sababu hakuna mwezi wa 28. Ikaiacha kama maandishi, imebanwa kushoto mwa kisanduku, na programu ya kupanga ikaikataa kwa rangi nyekundu. Siku ya Wanyama Duniani, 4/10, ikasomeka tarehe 10 Aprili, ambayo ilikwisha kupita, nayo ikakataliwa. Yote yaliyokataliwa niliyaingiza kwa mkono, yakatoka barabara. Kilichopita bila kelele ni 12/11 na 11/12, ndugu wawili waliobadilishana viti, kila mmoja amebanwa kulia mwa kisanduku chake kama mtu mwema. Tangu siku hiyo nikiona tarehe imebanwa kushoto na nyingine kulia kwenye safu moja, moyo unanidunda.

Tarehe 12 Novemba ukurasa ukatangaza kwamba zimebaki siku 20 kufika mkesha wa mwaka mpya. Simu ya mapokezi ikaanza kulia. Wenye mbwa wakataka dawa, chumba cha ndani, kila kitu. Mmoja aliuliza kwa heshima kabisa kama mwaka huu umekatwa. Mimi nikaona ni kosa la kunakili tu. Nikafungua chapisho haraka, nikafuta 20, nikaweka 49, nikarudi kunywa chai. Ndiyo maana kwa siku nzima ukurasa wetu ulisomeka hivi: “Zimebaki siku 49! Muda wa kumzoesha umekwisha.”

Akili ya kawaida ingeniambia nimtafute yule pacha wa pili. Sikumtafuta. Akajitokeza mwenyewe tarehe 11 Desemba, saa 20:00 kamili, akiwa na picha ya mbwa anayetabasamu: mna wiki saba, hakuna haraka.

Daktari aliniita asubuhi. Alikuwa amehesabu kwenye karatasi.

“Kwa hiyo mkesha wetu ni tarehe 29 Januari?”

“Hapana, Daktari.”

“Nauliza tu, nipange likizo.”

Ikaamuliwa kwamba jioni hiyohiyo tuingie mubashara, tueleze ukweli na tuonyeshe kwa vitendo maana ya sauti ndogo ya kuanzia. Daktari angekuwa na wagonjwa, kwa hiyo kuonyesha ni mimi.

Maandalizi sikuyakosea hata moja, na hilo linaniuma mpaka leo. Simu kwenye stendi, imesimama wima, iko usawa wa macho ya mbwa. Theluthi ya chini ya picha nikaiacha tupu, maana maoni ya watazamaji hupita hapo na kufunika kila kitu. Ubao wa nyuma wenye majina na namba za wateja nikaugeuza. Kibali cha mwenye mbwa kilikuwa kimesainiwa. Taa mbele, dirisha nyuma yangu nikaliziba. Mbwa alichaguliwa na dada wa mapokezi: jike kizee, mnene kiasi, ndevu nyeupe. “Huyo hashtuki kitu,” dada aliniambia. Nikafurahi. Faili lake sikulifungua.

Milio ya fataki nikaiweka kwenye simu ya zamani ya kliniki, ile inayopiga muziki laini wa kuwatuliza wagonjwa kwenye chumba cha kusubiri. Inaupiga kupitia spika ya Bluetooth iliyo juu ya kabati la mapokezi. Unaona tunapoelekea. Mimi sikuona.

Saa 12 na nusu jioni tukaanza. Nikasalimia, nikaomba radhi kwa ile 29 Januari, nikamtambulisha mgeni wetu, ambaye alikuwa ameshalala ubavu kwenye mkeka. Nikabonyeza kucheza, sauti kwenye kiwango cha kwanza. Kimya.

“Mnaona,” nikasema, “sauti ya kuanzia ni ndogo kiasi kwamba hata mimi siisikii.”

Kiwango cha pili. Kimya. Cha tatu. Mbwa akakoroma. Nikaeleza dalili za hofu moja baada ya nyingine nikimwonyesha kwa kidole: hahemi, hadondoshi mate, mkia uko huru. Nikapandisha hadi cha sita. Hapo nikasikia ngurumo upande wa pili wa ukuta, na maoni yakaanza kupanda kwenye kioo: kuna kishindo huko, kuna mtu analia. Kumbuka maoni ya mubashara huchelewa kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo ukiyajibu unajibu historia. Nikatabasamu, “Ndiyo, asanteni, naona mtaani wameshaanza.”

Chumba cha kusubiri kilikuwa na wateja watatu. Mbwa mmoja wa ulinzi, mkubwa, mwenye jina la kutisha, alikuwa chini ya meza ya mapokezi na meza imepanda mgongoni mwake. Wa pili alijikunja nyuma ya magoti ya mwenyewe. Wa tatu alikuwa paka, aliyeletwa kwenye boksi la katoni lililofungwa kwa kamba (tumechapisha mara mbili kuhusu maboksi ya katoni), na sasa alikuwa juu ya pazia, karibu na dari, akilitazama lile spika kwa chuki. Dada wa mapokezi alikuwa juu ya kiti akibonyeza kitufe cha kupunguza. Kila alipopunguza, mimi upande wa pili nilikuwa naongeza. Anashuka viwango viwili, napanda vitatu. Aliniambia baadaye kwamba alidhani lile spika limepagawa.

Nikafika kiwango cha kumi. Mgeni wetu akanyanyua kichwa.

“Hapa sasa!” nikawaambia watazamaji. “Hiki ndicho kikomo chake. Tunarudi nyuma.”

Hakuwa ameitikia fataki. Alikuwa amehisi sakafu ikitetemeka kwa miguu ya dada, ambaye aliusukuma mlango, akaingia moja kwa moja mbele ya kamera, nywele zimesimama, “Zima! Zima hiyo kitu!” Nyuma yake Daktari, mkono mmoja una kikatio cha kucha.

Nikazima, nikatoka mbio kusaidia. Paka aliyepanda pazia huwa anaachwa kwanza. Unafunga milango, unapunguza mwanga, unangoja, kisha unamfunika taulo na kumshika pamoja na taulo lake. Nimewahi kuliandika hilo kwa hatua nne zenye michoro. Nikanyoosha mkono mtupu. Alinichana kutoka kiwiko hadi kiganja, akashuka, akaingia mwenyewe kwenye boksi lake la katoni na kutulia.

Daktari alinishika bega, akanipeleka kwenye sinki, akafungua bomba.

“Sabuni na maji yanayotiririka. Dakika 15.”

“Daktari, paka huyu amechanjwa kichaa, tuna kadi yake.”

“Tarehe 28 Septemba uliandika nini kuhusu meno na kucha?”

Nikaosha. Dakika ya tisa ndipo nikakumbuka kwamba fataki nilizizima, lakini simu ya kwenye stendi sikuizima. Ilikuwa bado inaonyesha, mubashara, mbwa kizee aliyelala kwenye mkeka katika chumba kisicho na mtu, huku sauti za nje zikimfikia kila mtu isipokuwa yeye: paka, meza inayoburuzwa, Daktari akinihesabia dakika. Sijawahi kupata watazamaji wengi kiasi kile, na wengi wao walibaki mpaka mwisho.

Swali lililokuwa juu ya maoni yote liliandikwa na mtu mwenye hamu ya dhati ya kujifunza. Alitaka kujua mbwa huyu amefunzwa kwa wiki ngapi mpaka akafikia hapo. Nilipofika kwenye kioo, mkono ukichuruzika povu, dada wa mapokezi alikuwa ameshajibu kwa jina la kliniki:

“Hajafunzwa, ndugu. Ni kiziwi.”