Kilindini Nako Kuna ya Kusimuliwa

Mwaka wa tisa huu naishi Portsmouth, kusini mwa Uingereza, na kila nikipata mgeni nampandisha boti ya kuzunguka bandari. Inakwenda polepole, na msimulizi ameshika kipaza sauti: pale manowari, kule ngome zilizojengwa katikati ya bahari karne ya 19, hapa walipopakiwa askari wa Juni 1944 kwenda kuikomboa Ufaransa. Ukishuka unaingia kuitazama Mary Rose, manowari iliyozama 1545 ikaopolewa 1982. Watoto wa shule wanaletwa kwa mabasi.

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, hatua chache kutoka Ngomeni (Fort Jesus), na niliondoka kwetu bila kuambiwa kwamba nasi tunayo yetu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Desemba nilipokuja likizo nilimwomba mjomba anizungushe kwa mashua. Tulitoka Bandari ya Kale asubuhi, birika la kahawa na mahamri kikapuni. Chini ya kuta za Ngomeni akazima mashine, tukawa twasukwasukwa tu na mawimbi.

"Hapo chini, mwanangu, imelala meli ya Wareno."

Ni Santo António de Tanná, iliyokuja kuinusuru ngome ilipozingirwa na Waomani, ikazama 1697. Mjomba alikuwa kijana wapiga mbizi walipoichimbua, kuanzia 1977 hadi 1980. Vyombo vyake vimo ndani ya makumbusho ya ngome. Mbao ziliachwa chini.

Tukapinda kwenye mnara wa taa, tukaingia Kilindini, bandari ya meli kubwa. Mwaka 1942, katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Waingereza walihamishia hapa manowari zao za Bahari Hindi, na shule ya Allidina Visram ikageuzwa mahali pa kufumbulia siri za Wajapani. Februari 1944 meli Khedive Ismail iling'oa nanga hapa kwenda Colombo, imejaa askari, wengi wao wa Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani ikaizamisha. Walikufa karibu watu 1,300. Feri ya Likoni inayakata maji hayo kutwa kucha, na abiria hawajui.

Sisemi huko Portsmouth kila kitu ni kizuri. Kwenye boti ile abiria hawasemezani. Mjomba alisimamisha mashua ampe kahawa mvuvi aliyepita na ngalawa. Lakini boti za matembezi za kwetu zimewekewa watalii, chakula cha jioni na muziki, kwa bei ambayo familia ya Kisauni haiwezi kuigusa. Nataka safari ya Kiswahili, nauli ya mtu wa kawaida, na msimulizi awe mzee aliyekulia baharini.

Mjomba amekubali. Likizo ya Aprili atawachukua wajukuu zake na watoto wa mtaani, 12 kwa safari moja. Mafuta nitatoa mimi.