Saa Moja kwa Diski Moja

Mafundi wanaohamisha kanda za MiniDV, zile kanda ndogo za kamera za video, kwenda kwenye DVD hawakubaliani juu ya jambo moja: diski itiwe saa ngapi? Wapo wanaoingiza harusi nzima ya saa tatu ndani ya diski moja, na mteja huondoka ameridhika. Wapo pia wasiovuka saa moja kwa diski, na mteja wao, akikabidhiwa diski tatu, hushuku kwamba amebambikiwa gharama. Hawa wa pili ndio wanaolaumiwa, kwa sababu ya hesabu ambayo ni nadra mtu kuketi na kumfafanulia mteja.

Kanda ya MiniDV hubeba picha kwa megabiti 25 hivi kila sekunde, kwa hiyo saa moja ikiingizwa kwenye kompyuta kwa waya wa FireWire, bila kubanwa upya (yaani bila data zake kupunguzwa ili zichukue nafasi ndogo), huchukua karibu gigabaiti 13, kwa kuwa biti nane ni baiti moja. DVD ya tabaka moja ina gigabaiti 4.7 tu, na kanuni zake haziruhusu picha ivuke megabiti 9.8 kwa sekunde. Kubana hakuepukiki, hata kwa fundi mwangalifu kuliko wote. Akiweka saa moja, picha hupata megabiti 8 au 9. Akiweka saa mbili, hupata kama 5. Akiweka saa tatu, hubaki na 3 na ushee.

Namba hizo hazingetisha kama hasara ingesambaa sawasawa, lakini haisambai hivyo. Kanda huibana kila picha peke yake, ilhali DVD hutumia MPEG-2, mbinu ya kubana video ambayo huokoa nafasi kwa kutorudia kile ambacho hakijabadilika tangu picha iliyotangulia. Maharusi waliotulia jukwaani hawaigharimu diski kitu kikubwa. Ngoma inapokolea, karibu kila kitu hubadilika kwa pamoja, na hapo ndipo megabiti 3 zinaposhindwa. Niliwahi kulinganisha nakala mbili za harusi ya kwetu, moja ya saa moja kwa diski na nyingine ya saa tatu. Shangazi anaingia ukumbini na kanga mpya; akisimama, jina la kanga linasomeka katika nakala zote mbili. Anapoanza kucheza, kwenye nakala ya kwanza maneno yanayumba naye lakini yanabaki maneno, na kwenye ya pili yanavunjika kuwa miraba midogo midogo, hata pindo na mji vinaingiliana usijue kipi ni kipi.

Wanaotetea diski moja nao wana hoja. Bibi mwenye deki na televisheni ndogo ya zamani hataki kuinuka kila saa kubadilisha diski, na kwenye kioo hicho kasoro nyingi hazionekani. Diski ya tabaka mbili, yenye gigabaiti 8.5, ingesaidia, ila baadhi ya deki za zamani huikataa. Tena fundi anayejua kazi, akilazimika kuweka saa tatu, anaweza kupunguza upana wa picha kutoka nukta 720 hadi 352, ambapo picha hufifia kidogo lakini miraba hupungua sana.

Ningekubaliana nao kabisa kama kanda ingebaki salama. Lakini nyumba nyingi, zikishapata diski, huitupa kanda au hurekodi juu yake, na tangu siku hiyo nakala ya bibi hugeuka kuwa nakala mama. Kilichokwisha kubanwa hakirudi. Kamera zinazosoma kanda hizo zinazidi kuharibika, na Sony yenyewe iliacha kutengeneza kanda za MiniDV Februari 2025. Kwa hiyo fundi aanze kwa kuingiza kanda yote kwenye kompyuta kama ilivyo, kisha bibi atolewe diski yake ya saa tatu kutoka kwenye faili hilo, na mwenye harusi akabidhiwe faili lenyewe kwenye diski kuu (hard disk) ya nje. Kanda kumi za saa moja ni gigabaiti 130 tu.