Rimoti Ndiyo Inayoteseka

Jamani, filamu ya kutisha siku hizi inatazamwa kwa kidole gumba. Macho yako kwenye skrini, sawa, ila kidole kiko kwenye kitufe cha sauti. Wahusika wananong'ona kama wanaogopa kumwamsha mwenye nyumba. Unapandisha mpaka 40. Hujalipata vizuri jina la marehemu, pwaa! Mlango umebamizwa, mtoto kaamka, jirani anagonga ukuta. Unashusha. Wananong'ona tena.

Sababu inajulikana. Sauti imechanganywa kwa ajili ya ukumbi wenye spika kila upande, na maneno yana spika yao pale katikati. Televisheni ina spika mbili, tena zimeelekezwa chini au ukutani. Maneno yanabanwa, kishindo kinajipitia. Ingia kwenye mipangilio, toa 5.1 (sauti ya spika sita) uweke stereo (ya spika mbili), halafu tafuta hali ya usiku, ile inayopunguza pengo kati ya mnong'ono na kishindo. Ila ujiandae: nusu ya filamu za sasa zikitiwa hali ya usiku hazitishi tena. Kumbe ulikuwa unaogopa desibeli.

Na mapishi ni yale yale. Muziki unakatika. Dada anafungua kabati la bafuni lenye kioo, anatoa vidonge, anafunga: hakuna mtu nyuma yake. Unashusha pumzi. Paka anaruka. Unacheka kidogo, na kabla hujamaliza kucheka, muuaji mwenyewe huyo! Huyo paka naye anakula nini, nyumba imefungwa miaka 30?

Zamani je? Mwaka 1942, katika filamu ya Cat People, mwanamke anatembea peke yake usiku, nyuma yake kuna viatu vinagonga lami: ko, ko, ko. Halafu havigongi. Anaharakisha, anageuka, barabara tupu. Ghafla mlio mkali kama wa chui, kumbe basi limefunga breki. Basi tu! Kazi yote ilishafanywa na vile viatu vilivyonyamaza; basi lilikuja kukusanya nauli.

Wazee wengine walisaidiwa na ubovu. Papa wa mitambo wa filamu ya Jaws, 1975, kuingizwa kwenye maji ya chumvi akagoma. Ikabidi mwongozaji Steven Spielberg aonyeshe maji, mapipa ya njano yanayokokotwa na papa, na noti mbili za muziki. Inapita zaidi ya saa nzima hujamwona papa sawasawa. Angetengenezwa leo kwa kompyuta, dakika ya 3 angeshajitambulisha, nawe ungekuwa unamhesabia meno.

Damu nayo! Psycho ya 1960 ilitumia shira ya chokoleti, maana kwenye picha nyeusi na nyeupe kinachotakiwa ni weusi na uzito wa kutiririka. Lile tukio la mwanamke kuchomwa kisu bafuni, sekunde kama 45, lilipigwa kwa siku 7. Damu ya kompyuta inaruka vizuri, tatizo haitui. Mtu kachomwa kisu mara 9, ukuta mweupe, shati limenyooka.

Sisemi wa zamani walikuwa malaika. Usiku wao mwingi ulipigwa mchana kwa kichujio cha bluu, ndiyo maana saa nane za usiku mti una kivuli kikali na anga linameremeta. Mkimbiaji anajikwaa kwenye sakafu tambarare, na anayemfukuza anatembea taratibu kama anakwenda kulipa deni. Wa sasa wamehamia upande wa pili: giza mpaka unaona uso wako mwenyewe kwenye skrini, na filamu ikipitia intaneti lile giza linabanwa linakuwa vigae vya kijivu. Zima taa iliyo nyuma yako, na uondoe hali ya kuokoa umeme inayofifisha picha.

Simu ndiyo imewapa taabu kweli. Zamani muuaji alikata waya mmoja. Sasa lazima mtandao upotee, chaji ifike asilimia 2, na kijana aseme kwa sauti kwamba mtandao umepotea.

Lakini haki itendeke. Katika Hereditary ya 2018, kijana yuko kitandani, na juu kwenye kona ya chumba mama yake kajibandika ukutani, gizani. Hakuna kishindo, hakuna paka, kamera haikuelekezi. Unamwona mwenyewe, umechelewa, na kidole gumba hakijui kibonyeze nini.