Mfumbue Jicho Kwanza

Nauza dawa Ngamiani, hapa Tanga, mwaka wa 11 sasa. Wateja wananiita dokta, kama wanavyomwita kila anayesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa muhimu, nami nimeliitikia jina hilo miaka yote bila kufikiri lina uzito gani.

Msimu wa masika uliopita alikuja mama mmoja na mwanawe wa miaka 7. Kope ya juu ya jicho la kulia ilikuwa imevimba hadi jicho limefunga, nyekundu ya kuelekea zambarau. "Dokta, chokea imemshika tangu jana, nipatie ile tyubu ya macho." Nikampa mafuta ya tetrasaiklini, nikamrudishia chenji, wakaenda. Sikumfumbua mtoto jicho. Sikuuliza kama ana mafua au homa. Alikuwa na vyote viwili.

Alfajiri ya pili jicho lilikuwa limetokeza mbele, na mtoto alipiga kelele kila alipojaribu kuligeuza. Alilazwa, akatundikiwa dawa za mshipa, na picha ya CT scan ikaonyesha usaha umejikusanya ndani ya kishimo cha jicho, upande wa pua. Alipona, na anaona vizuri. Wiki mbili baadaye mama yake alipita dukani. Hakuja kunigombeza. Aliniuliza tu, kwa upole, "Dokta, ulijuaje kama ile ni chokea?"

Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo nimeshika msimamo mmoja ambao nataka wenzangu wa madukani waushike: usimuuzie mtu dawa ya uvimbe wa jicho kabla hujalifumbua jicho lenyewe ukalitazama.

Ndani ya kope kuna utando unaotoka kwenye ukingo wa mfupa unaolizunguka jicho. Utando huo ni kama kitasa. Uvimbe ukiwa mbele yake, hata kope ijae namna gani, ukiinyanyua unakuta jicho limetulia: linazunguka kila upande bila maumivu na linaona kama kawaida. Uvimbe ukipita nyuma ya utando, mambo ni mengine. Jicho linasukumwa mbele, kulizungusha kunauma au hakuwezekani, uoni unafifia, mara nyingi na homa. Kwa watoto chanzo kikubwa ni mafua yaliyoingia kwenye sainasi, yale mapango ya hewa ndani ya mifupa ya uso. Kati ya mapango ya kando ya pua na kishimo cha jicho kuna mfupa mwembamba kama karatasi, na maambukizi huupita. Yakifika huko yanaweza kuua mshipa wa fahamu wa jicho, au kupanda kwenye ubongo. Tyubu ya mafuta haifiki huko hata ukipaka kutwa mara kumi. Hapo panatakiwa antibiotiki za mshipani saa hiyo hiyo, na wakati mwingine upasuaji wa kutoa usaha.

Kumbe kipimo cha kwanza ni kazi ya dakika mbili. Nawa mikono. Nyanyua kope kwa kidole gumba, ukiegemea mfupa wa nyusi, si mboni. Mwambie afuate kidole chako juu, chini, kulia, kushoto. Mzibe jicho lisilovimba, umuulize unaonyesha vidole vingapi. Kope ikikataa kufunguka, hilo nalo ni jibu: haraka hospitali. Kutoka Ngamiani hadi hospitali ya Bombo ni mwendo mfupi wa bodaboda, hatuna kisingizio.

Wapo watakaosema muuza dawa hana ruhusa ya kupima wagonjwa. Nawaelewa, na siombi tuwe madaktari. Lakini nilipomkabidhi yule mama tyubu nilikuwa tayari nimeshapima na kutoa hukumu kwamba ni chokea. Nilihukumu bila kutazama.

Uvimbe mwingine hauna homa wala maumivu, na hapo ndipo tunapopoteza miezi. Mtoto ambaye uvimbe wa kishimo cha jicho au wa taya unakua siku baada ya siku, hata bila kuuma, asipewe dawa yoyote ya dukani. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Uganda, alieleza saratani ya watoto inayoota hasa kwenye taya, na yenye malaria ya kudumu kama mwenzake wa njia. Sisi wa pwani tunaijua malaria. Saratani hiyo inakua upesi kuliko karibu saratani nyingine zote, lakini dawa huiyeyusha vizuri ikiwahiwa. Hali kadhalika mtoto ambaye mboni yake inang'aa nyeupe kama jicho la paka usiku: aende hospitali kabla jicho halijavimba. Mtu mzima ambaye macho yote mawili yametokeza apimwe tezi ya shingo, na kama anavuta sigara aache, kwa maana sigara huuzidishia ugonjwa huo nguvu.

Sasa niende kwenye machozi. Nina mteja wa Tongoni, bibi wa makamo ya kuitwa shikamoo na soko zima. Miaka miwili alinunua matone kwangu kwa ajili ya jicho la kushoto lililokuwa likichuruzika mchana kutwa na kuamka na tongo. Matone yaliisha, akaja tena, nikamuuzia tena. Mpaka siku alipokuja na kivimbe kama punje ya kunde chini ya pembe ya jicho, upande wa pua, chekundu, hakigusiki. Hapo nilimsihi aende kwa daktari wa macho. Alipewa antibiotiki za kumeza, na maumivu yalipotulia daktari akakibonyeza kile kivimbe kwa ncha ya kidole: usaha ukapanda na kutokea kwenye kitundu cha kope.

Machozi yana bomba lake. Yanaingia kwenye vitundu viwili kwenye pembe ya jicho, yanakusanyika kwenye kifuko, kisha yanashuka hadi puani. Ndiyo maana mtu akilia, pua nayo hutiririka. La bibi lilikuwa limeziba chini ya kifuko. Matone hayazibui bomba. Alipelekwa Moshi, hospitali ya KCMC, akafunguliwa mlango mpya kupitia mfupa kutoka kwenye kifuko hadi puani, upasuaji ambao Muitaliano Addeo Toti aliueleza mwaka 1904.

Kwa watoto wachanga mambo ni mepesi zaidi, na hapa nawasema wanaowauzia kina mama matone kila mwezi. Bomba la mtoto mara nyingi limezibwa na kijiutando mwishoni. Dawa yake ni kidole cha mama: kucha fupi, mikono safi, abonyeze pembe ya jicho na kushusha kuelekea pua, mara kadhaa kwa siku. Wengi hufunguka kabla ya kutimiza mwaka. Wasiofunguka daktari huwazibua kwa kijiti chembamba cha chuma. Ila kichanga wa siku chache anayetoka usaha mwingi, au aliyezaliwa na kivimbe cha rangi ya bluu pembeni mwa pua, asisubiri hata kesho. Wala asitiwe wanja.

Bibi alipita dukani mwezi uliopita, akitoka msibani kwa shemeji yake. Macho yalikuwa mekundu. Nikamwamkia, nikampa pole, nikachukua tochi nimtazame. "Acha, mwanangu," akasema, akatoa leso. "Nimelia siku tatu. Na pua imetoka pande zote mbili."