Mtaro wetu haumo kwenye kompyuta

Juzi tuliitwa ofisi ya serikali ya mtaa, sisi wa Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, tuonyeshwe ramani ya mafuriko. Kijana mtaalamu akawasha projekta. Rangi ya buluu ikapanda taratibu kutoka mtoni, ikakoma hatua chache kabla ya nyumba ya bibi jirani yangu. Bibi akasimama. "Mwanangu, hapo unaposema pakavu ndipo nilipomtolea mjukuu wangu dirishani." Akajibiwa kwamba modeli, yaani hesabu ya kompyuta iliyochora ramani ile, inaonyesha maji hayafiki.

Jibu lile limenikaa kooni mpaka leo.

Sina ugomvi na hesabu. Milinganyo ya mwendo wa maji aliyoiandika mhandisi Saint-Venant kule Ufaransa mwaka 1871 ni ya kweli: maji hayapotei, mteremko unayavuta, msuguano unayazuia. Kompyuta inalikata bonde vipande vipande, inakiuliza kila kipande kimepokea maji kiasi gani na kimemsukumia jirani kiasi gani. Ni kazi nzuri, naiheshimu.

Lakini kompyuta inakokotoa ulichoipa. Richardson, Mwingereza aliyekokotoa hali ya hewa kwa mkono na kuchapisha kazi yake mwaka 1922, alipata kwamba mgandamizo wa hewa ungepanda milibari 145 kwa saa 6. Siku yenyewe karibu haukusogea. Fizikia yake ilikuwa sawa; vipimo alivyoanzia ndivyo vilivyompotosha.

Sasa njoo kwetu. Ukitumia picha za setilaiti zinazopatikana bure, ardhi inakuja kwa miraba ya mita 30 kila upande. Mtaro wetu mtoto wa darasa la nne anauruka! Ndani ya mraba mmoja unamezwa mtaro, uchochoro, ukuta na choo, vyote vinapewa kimo kimoja, na bati la nyumba linahesabiwa kama kilima. Halafu msuguano, namba ya jinsi mtaro unavyoyakwamisha maji: vitabu vinasema zege safi ni 0.013. Zege safi liko wapi? Mtaro umejaa mchanga, juu yake chupa za plastiki na godoro la mtu, na kalavati la barabarani limebaki tundu la kupitisha paka. Na bahari je? Mvua ikiangukia siku ya bamvua, maji yamejaa pale daraja la Salender mto unapoingia baharini, mto hauna pa kutokea, unarudi kwetu. Mvuvi yeyote angekwambia, ukimuuliza.

Nakubali, kupima ni gharama, na mto wenyewe unahama kila masika. Sawa. Ila mwaka 2015 vijana wa vyuo, chini ya mradi wa Ramani Huria, walipita mitaani mwa jiji hili na wenyeji wao, wakiandika mitaro na kuuliza maji yalifika wapi. Inawezekana, basi. Nyumba zinazoachwa nje ya ile buluu hakuna atakayezikumbuka siku ya kuwaambia watu wahame.

Jumamosi nilikwenda kwa bibi na futi kamba. Mstari wa tope wa Desemba 2011 bado uko sebuleni, juu ya swichi ya taa. Amekataa usipakwe rangi. Yeye akashika ncha ya chini, mimi nikavuta juu. Sentimita 131 kutoka sakafuni. Nimeiandika kwenye karatasi, bibi ameweka dole gumba, na kesho asubuhi nampelekea yule kijana.