Mengzi Afufuliwe Mzima

Novemba 1966, Walinzi Wekundu, vijana wa Mao na Chama cha Kikomunisti cha China, walitoka Beijing wakaingia Qufu, mji wa mwanafalsafa wa kale Confucius mkoani Shandong. Walivunja jiwe la kaburi lake, wakafukua makaburi ya ukoo wake, ukoo wa Kong, wakachoma vitabu, wakaharibu sanamu za hekaluni. Baraka walizipata kwa wakubwa. Novemba 2013, Xi Jinping, katibu mkuu wa chama kilekile, alifika Qufu na kutembelea nyumba ya ukoo huohuo. Pale mezani alishika vitabu viwili vinavyoeleza mafundisho ya Confucius, akasema atavisoma kwa makini. Mwaka uliofuata alihutubia Beijing katika kongamano la kuadhimisha miaka 2565 tangu mwanafalsafa huyo azaliwe.

Wapo wanaoita jambo hili unafiki. Mimi sisemi hivyo. Chama kina haki ya kujirudi, na ni heri kaburi linalotunzwa kuliko lililofukuliwa. Linalonisumbua ni lingine: katika urithi wa miaka zaidi ya elfu mbili, nani anaamua kipi kifufuliwe na kipi kibaki kimezikwa?

Jambo lenyewe si dogo. Januari 2017 chama na serikali walitoa waraka wa pamoja wa kurithisha na kuendeleza utamaduni wa jadi, wakaujaza kila mahali: masomo ya watoto wa chekechea hadi chuo kikuu, filamu, vyombo vya habari, ujenzi wa miji, sikukuu, tiba, hata mavazi. Lengo lilikuwa ifikapo 2025 mfumo mzima uwe umesimama. Waraka unasema wazi kwamba kiini kichukuliwe na makapi yatupwe. Ungo wa kupepetea uko mkononi mwa chama, na raia hana nafasi ya kuuliza kilichoangukia chini ni kipi.

Mema yapo, tena ya kweli. Tangu 2008, Qingming, siku ya kuzuru na kufagia makaburi, ni mapumziko ya taifa, sawa na sikukuu ya mashua za joka na ile ya katikati ya vuli. Desemba 2024 UNESCO iliingiza Mwaka Mpya wa Kichina katika orodha ya urithi wa binadamu. Nilifurahi, na bado nafurahi. Ila tusisahau kwamba desturi hizi hazikuvushwa na ofisi yoyote. Zilivushwa na wazee waliowasha ubani kwa siri, miaka ambayo kuwasha ubani kuliweza kukuletea balaa mlangoni. Serikali imezikuta zikiwa hai.

Sasa nimseme Mengzi, kwa sababu yeye ndiye kipimo changu.

Mengzi aliishi karne ya nne kabla ya Kristo, na Wachina wengi humhesabu wa pili baada ya Confucius. Aliandika kwamba watu ndio wenye thamani kubwa kuliko wote, kisha nchi, na mfalme ndiye mwepesi kuliko wote. Alisema pia kwamba mfalme akiwatendea mawaziri wake kama udongo na majani, nao watamwona kuwa adui. Maneno haya yalimchoma Zhu Yuanzhang, mwasisi wa dola ya Ming, mtu aliyezaliwa katika ufukara na kupanda hadi kwenye kiti cha enzi kwa vita. Aliamuru kibao cha kumuenzi Mengzi kiondolewe katika hekalu la Confucius, na atakayepinga apigwe mishale. Waziri mmoja, Qian Tang, alikwenda mbele yake hivyohivyo, akasema kufa kwa ajili ya Mengzi ni heshima tele. Kibao kikarudishwa. Lakini mwaka 1394 kitabu chenyewe kilipitiwa kwa amri ya mfalme, vifungu 85 vikakatwa, na mitihani ya watumishi wa dola ikakatazwa kuvigusa. Kitabu kizima kilikuja kurudishwa chini ya mwanawe, Yongle, yuleyule aliyetuma merikebu za baharia Zheng He na kupokea twiga wa Malindi mwaka 1415.

Kwa hiyo serikali kuchagua maneno ya wahenga ni mchezo wa kale sana huko China. Na kusimama mbele ya mtawala umwambie amekosea nako ni jadi ya kale vilevile. Hii ya pili ndiyo ninayoitafuta katika ufufuo wa leo, na siioni. Mengzi hajapigwa marufuku. Anauzwa madukani, na Xi mwenyewe humnukuu. Kinachokosekana ni nafasi ya mtu kufanya alichofundisha. Xu Zhangrun, profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, aliandika mwaka 2018 makala ya kuikosoa serikali kwa kuondoa ukomo wa vipindi vya urais. Aliandika kwa Kichina chenye harufu ya vitabu vya kale, kama msomi wa zamani anayetimiza wajibu wake. Alisimamishwa kazi, na mwaka 2020, baada ya makala nyingine, alikamatwa kwa siku kadhaa kisha akafukuzwa chuoni. Hakuna aliyekuwa mrithi wa Qian Tang kuliko yeye. Watoto wakikariri heshima kwa wazazi na utangamano wa jamii, huku mtu wa namna hii akinyamazishwa, basi kilichofufuliwa ni nusu, na nusu hiyo ndiyo inayomfaa mtawala.

Halafu kuna jadi za wasio Wahan, yaani wasio wa kabila kubwa la China. Mwaka 2020, katika Mongolia ya Ndani, jimbo la China, masomo matatu yaliyokuwa yakifundishwa kwa Kimongolia yaliamriwa kuhamia Kichina, na wazazi wakawazuia watoto wao kwenda shule kupinga. Siwezi kuuita huu uhuishaji wa urithi.

Haya yanatuhusu. Taasisi ya kwanza ya Confucius barani Afrika ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina yake tangu 2013. Vijana wetu wanajifunza humo lugha, kaligrafia na namna ya kumimina chai, na sina kinyongo na hayo. Lugha ni mali. Ningewaomba tu, wakifika hatua ya kusoma maandishi ya kale, wamwombe mwalimu wao kitabu cha Mengzi, na vile vifungu 85 wavisome darasani kwa sauti.