Ushindi wa Safari Rally hauthibitishi ubora wa gari la nyumbani
Eti Datsun 160J ilikuwa gari bora kuliko Peugeot 504 kwa kuwa Datsun Violet, jina jingine la hiyo 160J, ilishinda Safari Rally mara 4 mfululizo, 1979 hadi 1982! Kwa mbio sikatai, dereva wake Shekhar Mehta alitufunga midomo. Lakini gari la mbio silo tulilopakia magunia. Hata 504 iliyoshinda 1978 ilikuwa coupé (gari la milango miwili) yenye injini ya V6, na kijijini kwetu hakuna aliyekuwa nayo. Mzee wangu alikuwa na stesheni wagoni ya 504, safu 3 za viti, gia kwenye usukani, akibeba abiria Nakuru–Nairobi. Nyuma ilikuwa na springi 4 za koili, mbili kila upande, ndiyo maana ilimeza mashimo huku imejaa watu na kuku. Datsun ya jirani ilikuwa nyepesi, ikituacha mlimani na kunywa petroli kidogo, hilo nakiri. Ila siku ya kubeba viazi, jirani alikuja kwetu. Nyinyi mliowahi kuendesha zote mbili, ipi ilikutoa kwenye matope bila kusukumwa?